Mikono Iliyopauka na Stempu za Zambarau

Vijana wangu wa ukumbi wa Bertrams, hapa Johannesburg, Jumapili ile nilipowaambia kwamba nimestaafu kazi ya stempu mlicheka mpaka mmoja wenu akamwaga chai. Sikukasirika. Najua wengi wenu hamjawahi kutuma barua, na habari ya mtu kulamba kipande cha karatasi ili salamu zifike Bukavu kule Kongo mnaiona uchafu mtupu. Mkaniuliza, "Mama Riziki, kwani hiyo ni kazi?" Nikasema nitawaandikia, kwa sababu nikizungumza naenda mbio na kuyaruka yaliyo matamu. Basi haya hapa. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, na ninyi mnaokisikia nyumbani lakini mnajibu kwa Kizulu, kaeni karibu na mama zenu wawasaidie. Hakuna mtihani.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza stempu za kale zilizoharibika. Karakana ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la zamani pale Doornfontein, na chini yetu alikuwa fundi viatu aliyependa kuimba. Mwenye karakana aliitwa Bwana Len, mzaliwa wa Joburg hii hii, muuza stempu za kale kama baba yake. Mezani tulikuwa watatu. Gogo Nomvula, yaani Bibi Nomvula, wa Soweto ndiye aliyekuwa mkuu wa meza na mwalimu wangu. Tambwe wa Lubumbashi alikuwa fundi cherehani kabla ya kuja kwetu. Wa tatu ni mimi, msusi wa nywele kutoka Bukavu.

Watu walituletea stempu zenye ukungu, zilizokunjika, zilizobandikwa ovyo kwenye albamu, nasi tukazirudishia heshima yake. Nasema heshima, sisemi ujana. Hatukupaka rangi iliyopotea wala kuchora jino lililokatika pembeni. Kufanya hivyo ni kughushi, na Gogo alisema wazi kwamba mwenye mkono wa kughushi akatafute meza nyingine.

Kazi yenyewe niliipata kupitia kichwa cha Gogo. Wakati huo mimi na binti yangu tulikuwa tumepanga kitanda katika chumba cha watu wengi mtaa wa Berea, na mchana nasuka nywele kando ya barabara. Siku moja akaja mama mmoja mzee, ana harusi ya mjukuu wake, anataka misuko midogo midogo. Nilipomaliza alijishika kando ya paji la uso, akanitazama kwa mashaka kama mtu aliyeibiwa.

"Hujanivuta hata mara moja," akasema. Gogo aliongea Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, mimi nawapa kwa Kiswahili. "Mntanami, mwanangu, mtu asiyevuta nywele zangu hizi chache hawezi kuchana karatasi. Njoo Jumatatu."

Nilidhani anatafuta mtu wa kupiga deki. Jumatatu nikaenda na kanga yangu ya kazi, nimejifunga tayari kwa ndoo. Gogo akanishika mikono, akainusa, akairudisha kama mtu anayerudisha samaki sokoni.

"Mafuta," akasema.

Msusi anaishi ndani ya mafuta, ninyi wasichana mnajua. Yalikuwa yameniingia mpaka kwenye kucha. Na kidole chenye mafuta kikigusa karatasi ya kale kinaacha doa linalopitisha mwanga, na hilo doa halitoki tena mpaka siku ya kiyama. Basi kwa wiki kadhaa kazi yangu ikawa kuchemsha chai, kufagia na kutazama, mikono ikauke kwanza. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sheria ya kwanza ya meza ile na hamtaikuta katika kitabu chochote nilichokiona mimi. Tuliokaa pale hatukujipaka mafuta mikononi. Glavu Gogo hakuzitaka. Alisema glavu haina masikio, nayo hunasa kwenye yale meno madogo ya ukingo wa stempu na kuyang'oa.

Sasa mnaijua baridi ya huku. Hewa ya Julai inakausha kila kitu, midomo, ukuta, mpaka sufuria. Watu wote wa Joburg wanang'aa kwa mafuta, sisi watatu tunatembea na mikono iliyopauka kama tumetoka kukanda simenti. Kwetu Wakongo, mnajua wenyewe, mtu hatoki mlangoni amepauka. Kanisani kina mama walianza kunionea huruma. Mama mmoja alinivuta pembeni baada ya ibada, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Riziki, kule kazini banakulipa kweli?" Krismasi wakanichangia mafuta ya kujipaka, kopo kubwa la familia. Mwaka uliofuata wakarudia. Tambwe naye alikwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na baba mkwe aliposhikwa mkono akauliza kama kijana ni mgonjwa. Tulicheka hadi machozi, lakini nilikuwa najivunia mikono ile, na bado najivunia. Mkono wa daktari una harufu yake, wa makanika una rangi yake, wetu ulikuwa na mipasuko yake.

Mikono ilipokauka, Gogo akanifundisha kazi, na somo la kwanza halikuwa kushika kibano. Lilikuwa mikataba.

Nilishangaa kama mnavyoshangaa. Lakini Gogo alikuwa na imani moja: huwezi kuitengeneza stempu ya karne ya kumi na tisa bila kujua serikali ilimwagiza nini mchapaji wake. Zamani hizo makoloni ya huku hayakuwa na mitambo ya kazi ile. Serikali ya koloni ikitaka stempu ilimpa kazi mchapaji wa Ulaya kwa mkataba, naye akachapa na kuzituma kwa meli. Na kwa kuwa stempu ni pesa iliyovaa nguo nyingine, kila kipengele cha mkataba kilikuwa kinamwinda mwizi fulani. Karatasi ilitengenezwa na mtu mmoja na kuchapwa na mwingine, ili asiwepo mmoja mwenye uwezo wa kujitengenezea zake chumbani. Ndani ya karatasi iliwekwa alama ambayo huioni mpaka uinyanyue kwenye mwanga. Sahani za kuchapia zilifungiwa, na mchapaji peke yake hakuweza kuzifungua. Hata karatasi iliyoharibika haikutupwa, ilirudishwa ionekane kwamba kweli imeharibika.

Gogo alikuwa akieleza haya huku anakunywa chai, kisha anasema, "Hao ndio waliojua maana ya tenda." Ninyi mliokulia hapa mnajua neno tenda linavyowachekesha watu wa nchi hii. Ukisema fulani amepata tenda, mtu anauliza ameshanunua gari gani. Ndiyo maana nilipenda hadithi za mikataba ile ya kale. Nao hawakuwa malaika, ndiyo maana kufuli zilikuwa nyingi, lakini kazi ilikaguliwa.

Kipengele kilichotutesa sisi kilikuwa cha wino. Watu wa zamani walikuwa wajanja, walichukua stempu iliyokwisha kutumika, wakaosha mhuri wa posta, wakaitumia tena. Serikali ikataka wino unaokimbia. Yaani ukithubutu kuiosha stempu, picha yenyewe inaondoka pamoja na mhuri, unabaki na karatasi nyeupe na aibu. Zambarau ndiyo ilikuwa kali kuliko zote. Maji haiyapendi, na mwanga mkali nao unaichosha pole pole. Mchapaji wa karne ile alitega mtego kwa ajili ya mwizi wa barua, mwizi akafa, mtego ukabaki unatusubiri sisi Doornfontein.

Tambwe aliukanyaga. Alikuwa bado mgeni mezani, na amezoea stempu za baadaye ambazo unaziloweka kwenye bakuli bila wasiwasi. Akaiweka zambarau moja kwenye maji ya vuguvugu, akageuka kujibu simu. Aliporudi, bakuli lilikuwa na rangi ya juisi ya zabibu na stempu ilikuwa imekuwa mzimu.

"Gogo," akaita, "mi nilizani uchafu ndio inatoka."

Gogo akaja, akatazama bakuli muda mrefu. "Umewafanyia kazi watu waliokufa zamani," akasema. "Walitaka hivyo hivyo." Kisha akamwagiza ayaweke yale maji kwenye chupa na kuisimamisha dirishani mbele ya kiti chake. Bwana Len hakucheka, maana stempu ilikuwa ya mteja, na ilibidi amlipe. Lakini hakumfukuza. Tambwe mwenyewe, kila akitaka kugusa maji, alikuwa anainua macho dirishani kwanza. Baada ya hapo sikumwona akikosea tena upande ule.

Somo jingine ni pumzi. Usiongee juu ya stempu. Usicheke juu yake, usipige chafya, usiiinamie kama unabusu mtoto. Pumzi ya mtu ni maji. Tukitaka kusema jambo tuligeuza shingo, na mpaka leo nikizungumza na mtu ana kwa ana mezani nageuka pembeni, mkwe wangu anadhani namdharau.

Na uchafu mkavu hutolewa kwa ukavu. Chembe za mkate wa jana, nyama ya ndani isiyo na siagi, unazisugua taratibu kwa ncha ya kidole mpaka zigeuke kijivu, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, sio kwa mdomo. Wageni wakitukuta tunasugua stempu kwa mkate walikuwa wanaangaliana. Jaribuni kwenye picha ya zamani ya babu yenu, lakini ya kwanza iwe ile msiyoipenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ulifika wakati wateja wakapungua. Wakusanyaji wa stempu walizeeka, watoto wao hawakuzitaka, na Bwana Len akaanza kupokea wageni waliopima vyumba vyetu kwa kamba. Doornfontein ina chuo, na chuo kina wanafunzi wanaotafuta pa kulala. Bwana Len hakutuficha. Alisimama mbele ya meza, akavua miwani, akasema kwamba karakana ina nafasi moja tu. Makumbusho moja ya serikali hapa nchini ilikuwa imetangaza tenda ya kutengeneza stempu zake za karne ya kumi na tisa, kazi ya miaka. Tukiipata, meza inabaki. Tukiikosa, anauza.

Kwangu mimi meza ilikuwa zaidi ya mshahara. Kibali changu cha kuishi nchini kilitegemea ile kazi. Bila karakana hakuna kibali, na bila kibali binti yangu angetolewa shuleni katikati ya mwaka, turudi kwenye vita tuliyoikimbia. Nilimwomba Mungu waziwazi, sikuona haya. Nilimwambia, Bwana, najua una mambo makubwa, lakini angalia na hizi stempu.

Makumbusho nao walikuwa watu wa kazi. Hawakutaka maneno matamu, walitaka kuona mikono. Kila mwombaji alipewa jozi moja ya kujaribia na siku ya kuirudisha, kama vile serikali za zamani zilivyomtaka mchapaji aonyeshe sampuli kabla ya kupewa mkataba. Jozi yetu ilikuwa karatasi mbili nzima za stempu, moja imelala juu ya nyingine, zimegandana. Zilitoka kiwandani na gundi yake mgongoni kama mkataba ulivyotaka, zikasafiri melini katika joto na unyevu wa bahari, gundi ikayeyuka, ya juu ikashika uso wa ile ya chini. Posta hawakuweza kuziuza, wakaziweka. Zikakaa hivyo vizazi na vizazi.

Na zilikuwa zambarau.

Bwana Len alitaka tutumie kisanduku cha unyevu, njia ya kawaida ya kulainisha gundi. Unaiweka stempu ndani, juu ya kitambaa chenye unyevu, unaacha hewa ifanye kazi. Gogo akakataa.

"Gundi ikilainika, wino nao unalainika," akasema. "Tutazipata karatasi mbili na hakuna stempu hata moja."

"Nomvula, nimefanya hivi tangu ujana wangu."

"Umefanya kwa stempu nyekundu, Len. Hii imetengenezwa makusudi ikushinde."

Walibishana siku hiyo mpaka chai ikapoa. Sikuwahi kumwona Gogo akimpandishia sauti. Wote wawili walikuwa wanaogopa, na kila mmoja aliogopa kwa njia yake. Mwishowe Gogo akaeleza alichotaka. Gundi ile ya zamani ikipata baridi kali na ukavu inakuwa ngumu na kukatika, inaachia kama ukoko unavyoachia sufuria. Tuziweke kwenye friza, zimefungwa vizuri katikati ya karatasi za kufyonza wino, kisha tuzitenganishe kwa kisu cha mfupa zikiwa bado baridi. Hakuna maji, hakuna mvuke. Bwana Len akauliza, na kama gundi ikikatika pamoja na karatasi? Gogo akasema basi itakuwa imekatika, na hakugeuza macho. Bwana Len akakubali, shingo upande.

Tukaziweka kwenye friza ndogo ya karakana. Mpango ulikuwa kuzitoa asubuhi ya siku ile ile ya kuzirudisha.

Asubuhi hiyo kukiwa hakujapambazuka vizuri, simu yangu ikalia. Alikuwa Tambwe. Yeye aliishi Bertrams, anakuja kwa miguu, na ndiye aliyefungua karakana kila siku.

"Mama Riziki, umeme imekatika. Batu baliiba waya ya mtaa muzima. Friza iko kimya."

"Umeifungua?"

"Apana! Niko nayo hapa tu, ninaiangalia."

"Usiifungue. Usiwashe hita ya gesi. Kaa mbali nayo, hata usiipumulie."

Mnaona hatari ilipo. Friza ikipoteza baridi, barafu inageuka maji. Na ukikitoa kitu baridi ndani ya chumba chenye joto kinatoka jasho, kama chupa ya soda mezani. Tone moja juu ya zambarau ile lingetosha. Nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo, nikashuka Berea mbio. Nilivuka robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, Mungu anisamehe, hakukuwa na gari. Nilipofika, Gogo alikuwa ameshuka kwenye teksi ya kwanza kutoka Soweto, na Bwana Len, aliyeamshwa na simu ya Tambwe, anapanda ngazi koti limefunika nguo za kulalia.

Tulisimama mbele ya friza kama watu waliofika kwenye msiba. Bwana Len akasema tupige simu makumbusho tuombe siku nyingine. Gogo akamwambia makumbusho hawawezi kuahirisha barafu. Halafu akanitazama mikono. Ilikuwa imepasuka vibaya mwaka ule, mpaka damu kidogo kwenye vifundo.

"Nje kuna baridi gani?" akauliza.

"Gogo, nje kunaua," nikasema.

"Kavu?"

Nikamwonyesha mikono. Akacheka, cheko fupi la mtu aliyepata ufunguo wake mfukoni. "Basi tunahangaika na friza ya nini? Juu!"

Tukaibeba friza nzima, imefungwa, mimi na Tambwe, ngazi za mwisho mpaka kwenye paa. Ilikuwa Julai, na mji wote umekauka kwa baridi, barafu nyeupe imelala juu ya matangi ya maji, anga halina wingu. Hewa ile haikuwa na unyevu wa kumpa mtu yeyote. Tambwe akashika ubao kifuani kama meza. Bwana Len akavua koti lake na kulitandaza kuzuia upepo, akasimama pale na nguo za kulalia zenye mistari, mtu mwenye akili zake timamu. Tukafungua friza, tukatoa zile karatasi zilizofungwa, tukazifungua. Karatasi zilikuwa kavu. Hakukuwa na jasho.

Gogo akachukua kisu cha mfupa, akakiweka kwenye kona, mkono ukatetemeka. Akajaribu tena. Umri na baridi vilikuwa vimemzidi. Akanipa kisu.

"Gogo, hapana."

"Zitenganishe kama unavyotenganisha nywele za mtoto anayelia," akasema. "Usiwe na haraka, na usimwonee huruma. Na ninyi wote geuzeni nyuso."

Waligeuka, pumzi zao zikaenda upande wa uwanja wa Ellis Park. Mimi nilijifunga skafu mdomoni, nikabana pumzi. Nikaingiza ncha ya kisu. Kwa muda haikutokea kitu. Nikawaza shule ya binti yangu, nikajikemea, nikarudisha akili kwenye kidole. Mtu anayesuka anajua, ngozi ya kichwa inakuambia yenyewe mstari unataka kupita wapi. Nikausikiliza ule mstari. Ndipo gundi ikalia, sauti ndogo kavu, tik, kisha tena, tik tik, na kona ikainuka. Nikapumua pembeni, nikarudi. Nikaenda hivyo, nabana, napitisha, nageuka napumua, mpaka jua linagusa majengo ya Hillbrow na karatasi ya juu ikabaki mkononi mwangu, nzima.

Wakageuka kutazama.

Karatasi ya juu ilikuwa na zambarau iliyochoka, tuliyoizoea sote, rangi ya nguo iliyoanikwa sana. Ile ya chini haikuwa imeona mwanga tangu siku zilipogandana. Sijui niwaambieje. Ilikuwa zambarau mbichi, nzito, kama biringanya lililochumwa sasa hivi. Bwana Len alitumia maisha yake yote kwenye stempu zile, na baba yake kabla yake, na hakuwahi kuiona rangi ile. Macho yalimlowa, akajirudisha nyuma haraka asije akadondosha chozi. Hata katika hali ile alikuwa mtu wa kazi.

"Hii ndiyo waliyoilipia," akasema.

Gogo akaifunika kwa karatasi ya kufyonza kabla jua halijaifikia. "Mmeshaona," akasema. "Inatosha."

Kona moja ilibaki na gundi kidogo usoni. Bwana Len alitaka tuikwangue. Gogo akasema iachwe, na waambiwe ipo. Tukaenda nayo hivyo makumbusho, mikono yetu imepasuka, Bwana Len sasa amevaa suruali. Mama aliyetupokea alikuwa bingwa wa karatasi, na alijua anachokitazama. Alipofunua ile ya chini alivuta kiti akakaa. Kisha akauliza maswali, maswali ya mtu wa kazi: baridi kiasi gani, ukavu kiasi gani, kisu cha mfupa gani. Gogo akamjibu yote bila kuficha hata moja, wakaongea kama majirani waliokutana kisimani. Aliuliza hata kwa nini hatukuvaa glavu. Gogo akamwekea mkono wangu mezani autazame.

Jibu lilikuja baada ya siku nyingi za kutolala vizuri. Bwana Len alipokea simu, akasikiliza, akasema asante, akaikata. Akaenda dirishani. Tambwe akashindwa kuvumilia. "Patron, banasema nini?"

"Wanasema wana masanduku mengine yaliyogandana," Bwana Len akasema. "Wanataka kujua kama baridi ya mwaka huu imekwisha."

Tambwe alipiga yowe mpaka fundi viatu akapanda kuuliza nani amekufa. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti. Sikuwa na la kuficha.

Makumbusho walitaka kazi iende mwaka mzima. Gogo alikataa kabisa. Ikaandikwa kwenye mkataba, kipengele kizima, kwamba zilizogandana zitatenganishwa majira ya baridi tu, juu ya paa, kabla jua halijapanda. Nadhani ndio mkataba pekee wa serikali katika nchi hii uliosimamiwa na Julai. Tuliutimiza wote. Tulirudisha kila karatasi, na iliyoharibika tuliirudisha ionekane kwamba kweli imeharibika. Hakuna aliyenunua gari. Kibali changu kilipatikana, binti yangu akamaliza shule, na meza ilidumu hata baada ya Gogo kustaafu, na mimi baada yake. Sasa Tambwe ndiye mkuu wa meza, na kama kuna kati yenu mwenye mikono mizuri, aende akanuswe.

Mwaka jana nilikwenda makumbusho peke yangu, siku ya kawaida, bila kumwambia mtu. Ile zambarau wameiweka kwenye chumba chenye mwanga hafifu, unabonyeza kitufe taa inawaka kidogo kisha inazima. Askari wa mlango alikuwa kijana wa kwetu, nilimtambua kwa Kiswahili chake mara tu aliponisemesha, akiniona natafuta simu kwenye mkoba.

"Mama, pole, usipige picha na flash. Rangi itakufa."

"Haya, baba. Ni rangi gani hiyo inayokufa?"

Akatazama huku na huku kama mkubwa wake hayupo, akanisogelea, akabonyeza kitufe mwenyewe. "Angalia vizuri, mama. Hii ilifichama miaka mingi sana. Batu ba kwanza kuiona beko ba hapa Doornfontein, juu ya paa, na baridi. Na ule mwenye aliitenganisha ni mama wa kwetu. Wa Bukavu kabisa. Mi ninaelezaka batu bote benye banaingia hapa, hata wazungu."

"Wa Bukavu?"

"Ndiyo, mama. Ngoja nikuelezee."

Akasimama wima, akarekebisha kofia yake, akaanza tangu melini. Nikaweka mkoba chini, nikamwacha anieleze mpaka mwisho.